Kumpima mrushaji kwa daftari: hesabu za Hal Newhouser na namna ya kuzitumia uwanjani

Ukiifungua rekodi ya Hal Newhouser, mrushaji wa besiboli wa Marekani, ukasoma safu ya ushindi peke yake, utapotoka mara mbili. Mwaka 1942 alishinda mechi 8 na kushindwa 14, ungedhani ni mrushaji hafifu anayengoja kuachwa. Mwaka 1944 alishinda 29 na kushindwa 9, na hapo wengi hukimbilia jibu rahisi: ilikuwa vita, wapigaji wa maana walikuwa jeshini, nani asingeshinda? Majibu yote mawili yanatokana na kusoma safu isiyofaa. Hapa tunaeleza safu za kusoma, namna ya kuzihesabu kwa kalamu na simu ya kawaida, na namna kocha wa shule au wa timu ya mtaa Kisumu, Nakuru au Kakamega anavyoweza kuzigeuza ziwe mazoezi ya kijana wake.

Kwanza mtu mwenyewe. Newhouser alizaliwa Detroit tarehe 20 Mei 1921, akarusha kwa mkono wa kushoto, na akacheza mechi yake ya kwanza na Detroit Tigers Septemba 1939 akiwa na miaka 18. Tatizo la moyo lilifanya jeshi limkatae, kwa hiyo alibaki uwanjani miaka yote ya Vita vya Pili vya Dunia. Alipata tuzo ya Mchezaji Bora wa Ligi ya Marekani (American League, moja ya ligi kuu mbili za huko) mwaka 1944 na tena 1945, na hakuna mrushaji mwingine aliyewahi kuipata miaka miwili mfululizo. Alimaliza na ushindi 207 na kushindwa 150, akaingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli mwaka 1992.

Kwa aliyezoea raundasi au kriketi: mrushaji hurusha, mpigaji hupiga, mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji. Mpira unaopita katika eneo halali, au ambao mpigaji anauzungushia rungu na kuukosa, ni straiki. Unaopita nje bila kuchezwa ni boli. Straiki tatu, mpigaji anatoka. Boli nne, anatembea bure hadi besi ya kwanza. Kila awamu ina auti tatu kwa upande, na mechi kamili ya wakubwa ina awamu tisa, yaani auti 27.

Daftari

Daftari la hesabu la shule, lile la miraba, linatosha. Kwa kila mechi andika mstari mmoja wa mrushaji: tarehe, mpinzani, auti alizopata, mapigo aliyopigwa, matembezi, wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu, alama zote zilizoingia, alama zilizo zake, na idadi ya mipira aliyorusha. Waandishi wa alama duniani kote hutumia herufi K kwa straiki tatu. Matembezi tutayaandika M.

Safu inayosumbua ni ile ya alama zilizo zake. Mlinzi akirusha mpira juu ya kichwa cha mwenzake wa besi ya kwanza, au mpira ukimpita katikati ya miguu, alama inayotokana na kosa hilo haimhusu mrushaji. Namna ya kuamua ni kuirudia awamu akilini kana kwamba kosa halikutokea. Mkimbiaji ambaye asingefika nyumbani bila kosa, usimhesabu. Kama auti ya tatu ingeshapatikana bila kosa, alama zote zinazofuata katika awamu hiyo zisiandikwe kwa mrushaji, hata kama zimeingia tano. Mpira uliodunda kabla ya kumfikia mdakaji ukapotea ni wa mrushaji. Uliokuwa wa kudakika kwa juhudi ya kawaida ukaponyoka ni wa mdakaji.

Kosa la pili la kawaida hutokea mrushaji anapobadilishwa katikati ya awamu. Mkimbiaji aliye kwenye besi ni wa yule aliyemwacha hapo. Akiingia nyumbani baada ya mrushaji mpya kupigwa, alama inarudi kwa mrushaji wa kwanza. Daftari nyingi za shule huzitupa alama hizi zote kwa yule aliyeingia baadaye, na kijana anayeokoa mechi anaonekana mbovu kuliko aliyeziharibu.

Katika mechi za vijana makosa ya walinzi ni mengi mno. Ndiyo maana alama, hata ukizichuja vizuri, ni kipimo cha tatu kwa umuhimu. Vya kwanza na vya pili ni M na K, kwa sababu ndani yake hakuna mlinzi: ni mrushaji, mdakaji, mpigaji na mwamuzi tu.

Hesabu kwa auti, usihesabu kwa awamu

Hapa ndipo simu inapowakosesha watu. Rekodi za besiboli huandika awamu 195 na theluthi mbili kama 195.2. Ukiingiza 195.2 kwenye kikokotoo, kinadhani ni mia moja tisini na tano na sehemu mbili za kumi, na jibu lako limekwisha kuharibika. Dawa ni kugeuza kila kitu kuwa auti: awamu mara tatu, ongeza auti za ziada. Awamu 195 na theluthi mbili ni auti 587. Kisha:

M × 27 ÷ auti = matembezi kwa kila mechi kamili.
K × 27 ÷ auti = straiki tatu kwa kila mechi kamili.
Alama zake × 27 ÷ auti = wastani wa alama.

Kama ligi yenu inacheza awamu saba, weka 21 badala ya 27. Usichanganye: namba ya awamu saba ikilinganishwa na ya awamu tisa itamfanya kijana wako aonekane bora katika M na wastani wa alama kwa zaidi ya humusi bila kufanya lolote.

Sasa tumfanyie Newhouser. Mwaka 1941 aliwatembeza wapigaji 137 katika auti 519. Mia moja thelathini na saba mara 27 ni 3,699, gawanya kwa 519, unapata 7.1. Hebu fikiria wapigaji saba wanaopewa besi bure kila mechi. Mwaka 1942 ni matembezi 114 katika auti 551, yaani 5.6. Mwaka 1943 ni 111 katika auti 587, yaani 5.1, na hakuna aliyetembeza watu wengi kumzidi katika ligi nzima mwaka huo. Halafu 1944: matembezi 102 katika auti 937. Jibu ni 2.9.

Ndani ya msimu mmoja matembezi yalishuka kutoka tano hadi chini ya tatu, na hayakurudi tena. Mwaka 1945 yalikuwa 3.2, mwaka 1946 yakawa 3.0, na hadi 1949 yalizunguka kati ya 3.3 na 3.5. Hapo ndipo taaluma yake ilipogeuka, na safu ya ushindi ilikuja tu kutoa taarifa baadaye.

Rudi sasa mwaka 1942. Wastani wake wa alama ulikuwa 2.45, mzuri kabisa, na bado alishindwa mechi 14. Safu ya ushindi inamwonea, kwa sababu ushindi unahitaji wenzako nao wafunge. Lakini safu ya alama nayo inampendelea kidogo: mtu anayejaza besi kwa matembezi matano na nusu kila mechi anaishi kwa kuponea chupuchupu. Mwaka 1947 dhuluma ya safu ya ushindi ilijirudia: ushindi 17, kushindwa 17, wastani wa alama 2.87. Kocha anayemweka benchi kijana wa namna hii kwa sababu "hashindi" anamwadhibu kwa kosa la wapigaji wa timu yake.

Tazama jambo moja ambalo watu hulipita. Mwaka 1943 K zake zilikuwa 144 katika auti 587, yaani 6.6 kwa mechi. Mwaka 1944, alipokuwa Mchezaji Bora, zilikuwa 187 katika auti 937, yaani 5.4. Zilishuka! Mrushaji aliyeshinda mechi 29 alikuwa anawatoa kwa straiki tatu wapigaji wachache, kwa kila mechi, kuliko alipokuwa akishindwa 17 mwaka 1943. Hesabu zinaonyesha mtu aliyeacha kumfukuzia kila mpigaji kwa nguvu zote, akatupia mpira ndani ya eneo na kuwaachia walinzi wake kazi. Kwa kijana mwenye kasi, hili ndilo somo gumu kuliko yote, na ndilo la kumwonyesha kwa kalamu, maana ukimwambia kwa mdomo hatakuamini.

Mabadiliko hayo yalikuwa na mtu nyuma yake. Mwaka 1943 Tigers walimleta mdakaji mzoefu, Paul Richards. Newhouser alikuwa na hasira za karibu. Mlinzi akikosea alimkodolea macho mbele ya watu. Richards alimfunza kutuliza hasira hizo, akamfundisha pia slaida, mpira wa kasi unaokata pembeni unapomkaribia mpigaji. Kwa hiyo ukitaka kumtengeneza mrushaji, anza kwa kumtafuta mdakaji. Mkubwa kwa umri, mtulivu, anayeweza kutembea hadi kwenye tuta, kile kilima kidogo anaposimama mrushaji, na kusema maneno mawili tu, "pumua kwanza."

Kupima vita

Hoja ya vita si ya kupuuzwa. Wapigaji nyota Ted Williams na Joe DiMaggio hawakucheza misimu ya 1943, 1944 na 1945. Bob Feller, mrushaji aliyekuwa akiogopwa kuliko wote, alikuwa jeshini tangu mwisho wa 1941 hadi Agosti 1945. Hank Greenberg wa Tigers wenyewe alirudi Julai 1945. St. Louis Browns walimchezesha Pete Gray, mwenye mkono mmoja, mwaka huo wa 1945. Hata mpira wenyewe uliguswa: mpira asilia (raba) ulihitajika jeshini, na mwaka 1943 kiini cha mpira wa besiboli kilitengenezwa kwa utomvu mwingine, ukawa mzito kuruka.

Namna ya kupima ni kutafuta mwaka ambao mpinzani alibadilika na mrushaji akabaki yule yule. Kwa Newhouser mwaka huo ni 1946. Wote walikuwa wamerudi, Williams, DiMaggio, Feller na Greenberg. Kama ushindi wake ulikuwa zawadi ya vita, M ingepanda na K ingeshuka. Haya hapa: M 98 katika auti 878, yaani 3.0. K 275, yaani 8.5, kutoka 6.1 ya 1945. Wastani wa alama 1.94. Ushindi 26, kushindwa 9. Wapigaji bora wa dunia walirudi, naye akawatoa kwa straiki tatu wengi zaidi. Katika kura za Mchezaji Bora alishika nafasi ya pili nyuma ya Williams.

Kwetu vita haipo, lakini wapinzani dhaifu wapo kila msimu. Kijana anayewanyoosha wanafunzi wa kidato cha kwanza si lazima awaweze wa kidato cha nne. Daftarini weka alama ya nyota kando ya kila mechi dhidi ya timu yenye nguvu, kisha fanya hesabu mara mbili: mechi zote, na zenye nyota tu. Kama M kwenye nyota inapanda sana, kijana anaogopa kurusha ndani ya eneo akimwona mpigaji mkubwa. Kama M iko palepale ila K imeshuka, hajaharibika; amekutana na watu wanaojua kupiga, na hilo ni jambo la kawaida.

Tahadhari kuhusu mechi chache. Katika World Series (fainali ya ubingwa) ya 1945 dhidi ya Chicago Cubs, Newhouser alipigwa alama saba mechi ya kwanza kabla ya awamu ya tatu kwisha, Tigers wakafungwa 9 kwa 0. Akarudi akashinda mechi ya tano, 8 kwa 4, na ya saba, 9 kwa 3, na ubingwa ukaenda Detroit. Jumla ya mechi zile tatu: auti 62, K 22, wastani wa alama 6.10. Mtu aliyemwona kwa wiki ile tu angesema si kitu. Mwaka mzima wastani wake ulikuwa 1.81. Usitoe uamuzi juu ya kijana kabla ya auti 60 daftarini, na hata hapo uamuzi uwe wa kalamu ya risasi.

Kushusha M: eneo, tuta na kamba

Chukua vigingi viwili vya mikalitusi vyenye urefu wa mita moja na nusu, visimamishe pande mbili za besi ya nyumbani, sentimita 60 kati yao. Besi yenyewe ina upana wa sentimita 43.2, nafasi inayobaki ni ya mpira unaogusa ukingo. Funga kamba mbili za katani kukatisha: ya chini usawa wa magoti ya mpigaji wa umri wa vijana wako, ya juu usawa wa katikati ya kifua. Nyuma ning'iniza gunia au turubai nzee. Funga kamba ya tatu wima katikati, na hapo una mapande mawili.

Mrushaji arushe mipira 30, kumi kumi. Kumi za kwanza popote ndani ya kamba. Kumi za pili pande la nje tu, lile lililo mbali na mpigaji. Kumi za mwisho mwenzake asimame na rungu bila kupiga, kwa sababu kijana anayepiga kamba vizuri mara nyingi hutawanyika mara tu mtu anaposimama pale. Andika iliyopita ndani. Ukipata straiki sita kati ya kumi akiwa na mpigaji mbele, unaweza kumchezesha. Chini ya tano, ongeza mazoezi kabla ya kuongeza kasi. Usimruhusu arushe kwa nguvu zote katika zoezi hili. Robo tatu ya kasi yake inatosha.

Mpira ukipaa juu ya kamba, kwa kawaida ameachia mapema au hatua yake ni ndefu mno na mwili umebaki nyuma. Ukichimba chini, ameuachia umechelewa. Wa mkono wa kushoto anayekosea upande mmoja kila mara, tazama mguu wake wa kulia unapotua: chora mstari kwa chokaa kutoka kibao cha kusimamia hadi katikati ya besi ya nyumbani. Mguu ukivuka mstari kuelekea besi ya kwanza, anajifunga na analazimika kurusha kwa kuzungusha mwili. Ukifunguka sana kuelekea besi ya tatu, bega linatangulia na mkono unaburutwa.

Sasa tuta. Umbali wa wakubwa kutoka ukingo wa mbele wa kibao hadi ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani ni mita 18.44, wa miaka 11 na 12 ni mita 14.02. Siku hizi tuta la wakubwa lina kimo cha sentimita 25.4. Enzi za Newhouser lilikuwa likiruhusiwa kufika sentimita 38, na hiyo ni faida nyingine ya warushaji wa zamani ya kukumbuka unapolinganisha. Mteremko uanze sentimita 15 mbele ya kibao na ushuke sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30.

Kwa tuta la mazoezi lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 4, andaa toroli 15 hivi za udongo. Ukitumia udongo mweusi wa nyanda za Kano, umejitafutia kazi: mvua ikinyesha unavimba na kunata kwenye viatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza vidole. Weka murram chini, ushindilie, kisha tabaka la juu la sentimita 10 liwe udongo wa kichuguu uliosagwa na kunyunyiziwa maji kidogo. Udongo wa kichuguu unashika kama sakafu. Kakamega na Bungoma, ambako udongo ni mwekundu, si lazima murram iwe nyingi, ila juu bado weka wa kichuguu.

Sehemu itakayokufa kwanza ni pale mguu unapotua. Baada ya mipira mia moja kuna shimo, na shimo hilo linabadilisha kimo cha mrushaji kila anapotua. Kocha hulaumu mkono wa kijana, kumbe ni shimo. Kila baada ya awamu mbili jaza, nyunyiza, gonga kwa mchi au gogo zito. Kisumu mvua na radi hupenda kuja alasiri. Funika kwa turubai mchana, na mazoezi ya kurusha yafanye asubuhi.

Mpira wa kupinda: Nakuru si Kisumu

Mpira wa kupinda hupinda kwa sababu mzunguko wake unasukuma hewa upande mmoja. Hewa ikiwa nyepesi, unapinda kidogo. Detroit iko chini ya mita 200 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130, Nakuru kama mita 1,850, juu zaidi ya Denver, ambako warushaji wa Marekani hulalamika kila mwaka. Kijana wa Nakuru anayejifunza mpira huu ataona haushuki kama alivyoona kwenye video, na atajaribu kuukaza kwa kuzungusha kiwiko. Hapo ndipo anapoumia. Mweleze mapema kwamba ni hewa, si yeye.

Kwa Nakuru, silaha ya pili iwe mpira wa kupoza: mwendo wa mkono ule ule wa mpira wa kasi, ila mpira umeingizwa ndani zaidi ya kiganja, vidole vitatu juu, na kasi inapungua bila mkono kupunguza mwendo. Huu hautegemei sana hewa, unategemea kumlaghai mpigaji. Mpira wa kupinda usianze kabla ya miaka 14, na slaida iongezwe baadaye zaidi, mwili ukishakomaa. Newhouser alipofundishwa slaida alikuwa mtu mzima aliyekwisha kucheza misimu kadhaa ya ligi kuu.

Kuhesabu mkono

Haya ndiyo yanayotuuma zaidi tunapoisoma rekodi yake. Kati ya 1944 na 1949 Newhouser alirusha zaidi ya awamu 1,760. Mwaka 1945 peke yake alianza na kumaliza mechi 29 bila kubadilishwa. Tarehe 30 Septemba, siku ya mwisho ya msimu huo, aliingia katikati ya mechi kule St. Louis, na Greenberg akapiga pigo la alama nne lililowapa Tigers ubingwa wa ligi. Mwaka 1948 siku ya mwisho alimshinda Feller 7 kwa 1. Ni ushujaa, na tunaheshimu kila awamu yake. Lakini fuata K zake kwa mechi kamili kuanzia 1946: 8.5, 5.6, 4.7, 4.4, na mwaka 1950, 3.7. Ushindi miaka hiyo hiyo: 26, 17, 21, 18, 15. Anayesoma ushindi anaona mtu aliyeteleza kidogo. Anayesoma K anaona bega linalokwisha. Mwaka 1951, akiwa na miaka 30, alirusha awamu 96 tu, na Julai 1953 Tigers wakamwacha.

M ilibaki palepale wakati wote huo. Mwaka 1950 ilikuwa 3.4. Kwa hiyo ukiona daftarini M imetulia na K inashuka mwezi hata mwezi, usimpigie kelele kijana aongeze bidii. Muulize bega. Kama anashindwa kulala upande huo au kiwiko hakinyooki asubuhi, asirushe hadi aonwe na daktari.

Kikomo cha mipira kwa siku, kwa kanuni za Little League, ligi ya besiboli ya watoto: miaka 7 hadi 8, mipira 50, 9 hadi 10, mipira 75, 11 hadi 12, mipira 85, 13 hadi 16, mipira 95. Mapumziko kwa walio na miaka 14 au chini: akirusha 21 hadi 35, siku moja; 36 hadi 50, siku mbili; 51 hadi 65, siku tatu; 66 na zaidi, siku nne. Mashindano yetu ya wikendi ndiyo yanayovunja kanuni hii, mechi mbili Jumamosi na fainali Jumapili, na kijana mmoja anarusha zote. Panga warushaji watatu kabla ya kuondoka nyumbani, na mtu mmoja asiye kocha ashike daftari la kuhesabu mipira, kwa sababu kocha katika fainali husahau kuhesabu.

Na jambo la moyo. Newhouser alicheza miaka mingi na tatizo lililomfanya akataliwe jeshini, lakini usilichukue kama ruhusa. Kijana aliyeambiwa hospitalini kwamba moyo wake una mlio usio wa kawaida aje na barua ya daktari kabla ya kushika mpira.

Mrushaji ambaye kasi imekwisha bado ana kazi. Mwaka 1954 Cleveland walimchukua Newhouser, wakampa awamu chache chache za mwisho wa mechi. Alipata auti 140, ushindi 7, kushindwa 2, wastani wa alama 2.51. Matembezi 18, yaani 3.5. Kwa timu ya mtaa, mrushaji wa namna hiyo mwekee awamu ya mwisho mnapoongoza kwa alama moja au mbili, mpe mipira 20 isizidi, mwambie mdakaji aweke glavu chini kwenye pande la nje, na mpange mlinzi wa kati karibu na besi ya pili, kwa sababu mipira mingi itapigwa chini kuelekea kwake.